Seli za kinga na mimba: kwa nini kifafa cha mimba na malaria huanzia kwenye kondo la nyuma

Katika kliniki ya wajawazito, mama hupimwa presha, hupimwa mkojo, hutobolewa kidole, kisha hupewa vidonge vitatu vya SP avimeze palepale mbele ya muuguzi. Wengi huniuliza: "Nesi, mimi siumwi popote. Vyote hivi vya nini?" Ni swali zuri, na mama ana haki ya kupata jibu lake. Asiyelijua jibu hilo huona kliniki ni usumbufu. Huruka hudhurio moja, kisha la pili, na akija tena huenda presha imeshapanda, au mtoto ameshaacha kukua vizuri tumboni.

Jibu lenyewe liko kwenye kondo la nyuma. Hapo ndipo damu ya mama na mtoto vinapokaribiana, na hapo ndipo seli za kinga za mama zina kazi kubwa ambayo wengi wetu hatujawahi kuelezwa. Zikiifanya vizuri, mimba hukua. Zikikosea, au zikivurugwa na malaria, matatizo huanza kimyakimya, wiki nyingi kabla mama hajahisi lolote.

Seli za kinga ni nini?

Katika damu yetu kuna chembe nyekundu zinazobeba hewa safi, na kuna chembe nyeupe zinazotulinda. Hizi nyeupe ndizo tunaziita seli za kinga. Zifananishe na sungusungu wa kijiji. Wapo wanaozunguka usiku na mchana kutafuta mgeni. Wapo wanaommeza mdudu wa ugonjwa wakimkuta. Wapo wanaotengeneza kingamwili, yaani silaha inayomlenga mdudu mmoja maalumu. Wapo pia ambao kazi yao ni kuwatuliza wenzao ili wasiharibu nyumba za wenyeji.

Sungusungu hawa wana kumbukumbu. Wakishapambana na mdudu mara moja, akirudi humtambua upesi. Ndiyo maana chanjo hufanya kazi, na ndiyo maana mtu mzima aliyekulia Musoma, Bunda au Butiama akipata malaria mara nyingi haimwangushi kama inavyomwangusha mtoto mdogo.

Mtoto ni nusu ya mama, nusu ya baba

Mtu akiwekewa figo ya mtu mwingine, kama inavyofanyika Muhimbili tangu mwaka 2017, hulazimika kunywa dawa za kuituliza kinga yake muda wote anaoitegemea figo hiyo. Bila dawa hizo, seli zake zitaiona figo kama mgeni na kuishambulia.

Sasa mfikirie mtoto aliye tumboni. Nusu ya asili yake imetoka kwa baba. Kwa seli za kinga za mama, nusu hiyo ni ngeni. Hata hivyo mtoto hukaa humo miezi tisa bila kufukuzwa. Mwaka 1953 mwanasayansi wa Uingereza, Peter Medawar, aliuliza inawezekanaje. Watafiti wanalifanyia kazi swali hilo mpaka leo, lakini mengi yameshajulikana.

Jambo la kwanza lililojulikana ni kwamba kinga ya mama haizimwi wakati wa ujauzito. Hubadilisha kazi. Seli za kutuliza huongezeka, na seli nyingine hukusanyika kwenye ukuta wa mji wa mimba kusaidia kondo lishike na lipate damu.

Seli zenye jina baya na kazi nzuri

Kwenye ukuta wa mji wa mimba, katika miezi mitatu ya mwanzo, kama seli saba katika kila seli 10 za kinga ni za aina moja. Wataalamu huziita seli za asili za kuua. Jina hilo linatisha. Zilipewa kwa sababu ndugu zao walio kwenye damu huua seli zilizoingiliwa na virusi au saratani. Za mji wa mimba haziui mtoto. Kazi yao ni kusaidia kufungua njia.

Njia gani? Mishipa inayopeleka damu kwenye mji wa mimba ni myembamba na imejikunja kama chemchemi ya kalamu. Kwa mwanamke asiye na mimba inatosha. Mtoto akianza kukua, mishipa hiyo lazima ipanuliwe. Kondo hutuma seli zake ziingie ndani ya ukuta wa mji wa mimba, zilegeze kuta za mishipa na kuifanya mipana, ili damu iingie nyingi na kwa utulivu. Seli za kinga za mama hukutana na seli hizo za mtoto na kukubaliana nazo: ingia mpaka hapa, usipite pale.

Ni kama kuchimba mfereji wa kumwagilia bustani. Mfereji ukiwa mwembamba mno, mimea hukauka. Ukichimbwa kupita kiasi, maji hubomoa kingo. Seli za kinga ndizo zinazosimamia kipimo. Kazi hii hufanyika zaidi kabla ya wiki ya 20, wakati akina mama wengi bado hawajafika kliniki hata mara moja.

Kifafa cha mimba: mfereji usipofunguka

Kwa baadhi ya akina mama makubaliano hayo hayaendi vizuri. Mishipa hubaki myembamba. Mwanzoni mtoto bado ni mdogo, na damu inatosha. Baada ya wiki ya 20 mahitaji yake hupanda, na kondo huanza kukosa damu. Hapo kondo hutoa kemikali zinazoingia kwenye damu ya mama na kuumiza utando wa ndani wa mishipa yake mwili mzima.

Mishipa ikiumia hubana, presha hupanda. Figo zikiumia, protini huvuja na kuonekana kwenye mkojo. Ini likiumia, mama husikia maumivu juu ya tumbo upande wa kulia, chini ya mbavu. Ubongo ukiumia, kichwa huuma sana, macho huona ukungu au vimulimuli, na mwishowe mama anaweza kupata degedege. Hicho ndicho kifafa cha mimba. Mtoto naye hukua kwa shida, na wakati mwingine hufia tumboni.

Nimeeleza njia moja kubwa, na si pekee. Mama mwenye presha ya siku nyingi, kisukari, ugonjwa wa figo, unene uliozidi au mimba ya mapacha anaweza kupata tatizo hili hata kama mishipa yake ilifunguka vizuri. Walio kwenye hatari zaidi ni pia wenye mimba ya kwanza, wenye umri zaidi ya miaka 35, na waliowahi kulipata.

Watafiti walikuta nini Kampala

Jirani zetu wa ng'ambo ya pili ya ziwa wamesaidia sana kulielewa jambo hili. Daktari bingwa wa uzazi wa Chuo Kikuu cha Makerere, Annettee Nakimuli, akishirikiana na Ashley Moffett wa Chuo Kikuu cha Cambridge, alichunguza mamia ya akina mama waliojifungua katika Hospitali ya Mulago. Wengine walikuwa na tatizo la presha ya mimba yenye protini kwenye mkojo, wengine mimba zao zilikuwa salama. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015.

Kila mama ana vipokezi kwenye seli zake za kinga, alivyovirithi kwa wazazi wake. Kila mtoto ana alama kwenye seli za kondo, nusu kutoka kwa mama na nusu kutoka kwa baba. Kipokezi cha mama kinaposoma alama ya mtoto, seli hupata ishara: fanya kazi, au tulia. Kuna mchanganyiko fulani ambapo ishara ya "tulia" inakuwa kali mno. Seli hulegea, kazi ya kufungua mishipa haifanyiki inavyotakiwa, na hatari ya kifafa cha mimba hupanda. Jambo hili lilikuwa limeonekana kwanza Ulaya. Kampala lilionekana tena. Watafiti walikuta pia kwamba akina mama wa Kiafrika wanaweza kuwa na vinasaba vya kuwakinga ambavyo havikuonekana kwa wanawake wa Ulaya.

Kwa nini nakuambia haya yote? Kwa sababu mama akianguka degedege, maneno huanza. Amerogwa. Amevunja mwiko. Mimba si ya mumewe. Ana mashetani. Maneno hayo huchelewesha safari ya hospitali, na saa zinazopotea ndizo zinazoua. Mchanganyiko wa vinasaba hauchaguliwi na mtu. Hakuna mama aliyeusababisha, wala baba, wala jirani.

Malaria inayojificha kwenye kondo

Tatizo la pili linatuhusu sana watu wa kando ya Ziwa Victoria, ambako mbu hawatupi likizo.

Nimesema kwamba mtu mzima aliyekulia hapa ana kinga fulani ya malaria. Binti huyo huyo akishika mimba ya kwanza, malaria humrudia kwa nguvu. Zamani wataalamu walidhani ujauzito umemdhoofisha kinga yake tu. Mwaka 1996 watafiti Michal Fried na Patrick Duffy walitoa maelezo mengine, kwa kuchunguza makondo ya akina mama waliojifungua Kisumu, ng'ambo ya ziwa hili hili. Walikuta kwamba vimelea vya malaria vilivyo kwenye kondo si sawa na vile vinavyozunguka kwenye damu ya watu wengine. Vina gundi maalumu inayonata kwenye kondo peke yake.

Mwanamke ambaye hajawahi kubeba mimba hajawahi kuwa na kondo, kwa hiyo sungusungu wake hawajawahi kukutana na vimelea vya aina hiyo. Hawavijui. Katika mimba ya pili na ya tatu kumbukumbu huanza kujengeka, na kingamwili za kuzuia gundi ile huongezeka. Ndiyo maana malaria ya mimba humwumiza zaidi mwenye mimba ya kwanza.

Vimelea vikishanata, seli za kinga za mama humiminika kwenye kondo kuvimeza. Nia yao ni njema. Lakini mapigano yanafanyika jikoni kwa mtoto, mahali chakula na hewa vinapopita. Seli zilizojaa mabaki meusi ya vimelea hukusanyika, hutoa kemikali za mapambano, na kondo hushindwa kupitisha chakula kama kawaida. Matokeo yake ni upungufu wa damu kwa mama, mtoto kuzaliwa na uzito chini ya kilo 2.5, kuzaliwa kabla ya wakati, mimba kutoka, au mtoto kuzaliwa amekufa.

Hapa kuna jambo ambalo kila mama na mlezi anapaswa kulishika. Mama mwenye malaria ya kondo anaweza asiwe na homa kabisa. Kipimo cha damu ya kidole nacho kinaweza kuonyesha hana malaria, kwa sababu vimelea vimejificha kwenye kondo na kwenye kidole vimebaki vichache mno. Mama anapika, anakwenda shamba, anauza dagaa sokoni, na huku mtoto anakosa chakula.

Kwa hiyo vidonge vya SP havitolewi kwa sababu unaumwa. Vinatolewa kwa sababu hakuna njia rahisi ya kuona ndani ya kondo.

Mahali matatizo haya mawili yanapokutana

Katika Hospitali ya Muheza, mkoani Tanga, watafiti waliwafuatilia akina mama na watoto wao kwa miaka kadhaa kuanzia 2002. Taarifa yao moja ya mwaka 2006 ilionyesha kwamba kwa mabinti wa mimba ya kwanza, malaria ya kondo iliyoambatana na mkusanyiko wa seli za kinga ilihusiana na presha kupanda. Kwa hiyo malaria na presha ya mimba si lazima viwe vitu viwili visivyojuana. Kondo likivurugwa, kwa njia yoyote, mwili wa mama hulipa.

Kumbukumbu inayodhuru: kundi la damu la Rhesus hasi

Kumbukumbu ya seli za kinga humsaidia mama dhidi ya malaria. Kuna mahali inapomgeukia.

Akina mama wachache kwetu wana damu ya Rhesus hasi. Kama mtoto amerithi Rhesus chanya kwa baba, damu ya mtoto ikichanganyika na ya mama wakati wa kujifungua, seli za kinga za mama hujifunza kuitambua kama adui. Mtoto wa kwanza mara nyingi huzaliwa salama. Wa pili, akiwa na Rhesus chanya, anaweza kushambuliwa na kingamwili za mama na kuharibiwa damu yake angali tumboni. Hali hiyo inaweza pia kuanza baada ya mimba kutoka.

Kuna sindano inayozuia kumbukumbu hiyo isijengeke, na baada ya kujifungua inatakiwa kutolewa ndani ya saa 72. Ndiyo maana tunapima kundi la damu mapema. Ukiambiwa una Rhesus hasi, uliza mapema sindano inapatikana wapi na gharama yake, ili familia ijiandae. Usisubiri siku ya uchungu.

Mambo ya kufanya

Huwezi kuona seli zako wala kuziamrisha. Unaweza kufanya haya:

1. Anza kliniki mapema, kabla mimba haijafikisha wiki 12. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 linashauri mahudhurio 8. Ukianza mwezi wa sita, kazi ya kufungua mishipa imeshapita, na nafasi ya kuanza baadhi ya dawa imepita nayo.

2. Pimwa presha na mkojo kila hudhurio. Kama hujapimwa, sema: "Nesi, naomba unipime presha." Namba ya juu ikifika 140, au ya chini ikifika 90, unahitaji kufuatiliwa. Ikifika 160 kwa 110 ni dharura.

3. Meza SP kuanzia mwezi wa nne, mara moja kwa mwezi, angalau mara 3 kabla ya kujifungua. Unaweza kuimeza hata kama hujala. Kama umewahi kupata vipele au kuvimba kwa dawa za salfa, sema kabla ya kumeza.

4. Lala ndani ya chandarua chenye dawa kila siku, hata kiangazi. Wanaoamka usiku kwenda kusubiri dagaa mwaloni wavae nguo ndefu, maana mbu wa malaria huuma mpaka alfajiri.

5. Kama una dalili za malaria, pima na ueleze kwamba una mimba na ya miezi mingapi. Usinunue dawa dukani kwa kukisia.

6. Kama umewahi kupata kifafa cha mimba, au una presha, kisukari au ugonjwa wa figo, au una mapacha, muulize daktari kuhusu aspirini ya kiwango kidogo. Hutakiwa kuanza kabla ya wiki ya 20. Usijianzishie mwenyewe.

7. Kula vyakula vyenye madini ya kalsiamu. Dagaa wetu wa ziwani wanaoliwa na mifupa yao ni hazina, na maziwa pia. Ukipewa vidonge vya kalsiamu, vimeze. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na India kwa wanawake wapatao 22,000 wenye mimba ya kwanza, na kuchapishwa mwaka 2024, ulionyesha kwamba miligramu 500 kwa siku zilifanya kazi kama 1,500 katika kuzuia presha hii. Vidonge vichache ni rahisi kuvimeza bila kuchoka.

8. Meza vidonge vya kuongeza damu kila siku kama ulivyoelekezwa.

Dalili za hatari

Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, ukiona:

- kichwa kinauma sana na hakitulii
- macho yanaona ukungu, vimulimuli au giza
- maumivu makali juu ya tumbo, chini ya mbavu
- uso na mikono kuvimba ghafla
- mtoto kupunguza kucheza au kuacha kabisa
- kutokwa damu au maji ukeni
- homa
- kupumua kwa shida
- degedege au kupoteza fahamu

Dalili hizi zinaweza kuja hata baada ya kujifungua. Mama aliyejifungua salama Jumatatu anaweza kuanguka Alhamisi akiwa nyumbani. Bibi unayemkanda mkwe wako, akilalamika kichwa na macho, usimwambie ni uchovu wa uzazi. Mpeleke akapimwe presha.

Mama akipata degedege nyumbani

Mlaze kwa ubavu wa kushoto. Ondoa vitu vigumu karibu naye. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Usimpe maji wala dawa ya kunywa. Usimfukize, wala usimshike kwa nguvu. Tafuta usafiri mara moja na uchukue kadi yake ya kliniki. Hata akizinduka na kusema yuko salama, msafiri.

Hospitalini atapewa sindano ya magnesiamu salfeti. Dawa hii ilijaribiwa kwa wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, na matokeo ya mwaka 2002 yalionyesha inapunguza degedege kwa zaidi ya nusu. Lakini tiba ya kuung'oa ugonjwa wenyewe ni kondo kutoka, yaani mama kujifungua. Ndiyo sababu daktari anaweza kuamua mtoto azaliwe kabla ya siku zake. Uamuzi huo unaumiza, na hufanywa pale ambapo kusubiri kunaweza kuwapoteza wote wawili.

Maswali ninayoulizwa

"Nesi, nikinywa dawa ya kienyeji ya kuongeza kinga, si nitamlinda mtoto?"
Hapana. Kama ulivyoona, tatizo si uchache wa sungusungu. Mara nyingine wanapigana kupita kiasi mahali pasipofaa. Zipo dawa za miti zinazobana mji wa mimba au kuumiza ini. Kama umeshakunywa, tuambie ulikunywa nini. Hatutakugombeza, tunataka kujua ili tukusaidie.

"Nimeshazaa watano na sijawahi kuumwa malaria. Bado nimeze SP?"
Ndiyo. Kumbukumbu yako inakusaidia, lakini haizuii kila kitu, na upungufu wa damu hauulizi umezaa wangapi.

"Mimi natumia ARV na septrini. Mbona sikupewa SP kama wenzangu?"
Septrini na SP ni dawa za ukoo mmoja. Zikitumika pamoja zinaweza kukudhuru. Septrini yako inakukinga na malaria pia, kwa hiyo usiruke hata siku moja. VVU hudhoofisha ile kumbukumbu ya kondo, kwa hiyo chandarua na ARV kwako ni muhimu mara mbili.

"Nilipata kifafa cha mimba kwa mtoto wa kwanza. Nikishika mimba tena nitakufa?"
Hatari yako ni kubwa kuliko ya mwingine, lakini wengi huzaa salama mimba inayofuata wakifuatiliwa. Njoo kliniki mara tu unapokosa siku zako, ueleze yaliyotokea, na upange kujifungulia hospitali yenye chumba cha upasuaji na damu. Hata baada ya uzazi, pima presha kila mwaka, kwa sababu aliyewahi kupata tatizo hili huwa na uwezekano mkubwa wa kupata presha na ugonjwa wa moyo baadaye.

"Mama mkwe anasema miguu ikivimba ni mtoto wa kiume."
Shikamoo yake tunaipeleka. Miguu kuvimba kidogo jioni ni kawaida kwa wajawazito wengi, awe wa kiume au wa kike. Uso na mikono vikivimba asubuhi, au pete ikikataa kutoka, njoo tupime presha na mkojo.

Kwa baba, bibi na walezi wote

Mama mjamzito hawezi kusikia kondo lake likikosa damu. Anachoweza ni kufika kwenye kipimo. Kufika huko kunahitaji nauli ya bodaboda, mtu wa kubaki na watoto, na ruhusa ya kuacha kazi za nyumbani nusu siku. Hivyo vitatu viko mikononi mwa familia.

Leo jioni, fungua kadi ya kliniki ya mjamzito aliye nyumbani kwako. Angalia mambo matatu: presha ya mwisho iliandikwa lini, SP amemeza mara ngapi, na kundi la damu limejazwa au liko wazi. Kama kuna pengo, kesho mwende pamoja.